Wazee waliochapwa kwa kusema lugha zao waandike

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wachapishaji wa Nairobi kuhusu jambo ambalo naamini hawajalipa uzito unaostahili.

Mwaka 1988 Basil Johnston, mwandishi wa jamii ya Waanishinaabe nchini Kanada, alichapisha kumbukumbu za maisha yake katika shule ya bweni ya mapadre Wajesuiti huko Spanish, Ontario, alikopelekwa akiwa na umri wa miaka 10. Watoto wapatao 150,000 wa jamii za asili walipitia shule za aina hiyo, ambako walikatazwa lugha zao, na maelfu miongoni mwao hawakurudi makwao wakiwa hai. Johnston hakuandika machozi matupu. Aliandika njaa na upweke, lakini pia utundu na udugu wa wavulana wale, hata msomaji akakutana na watoto kamili, wala si hesabu ya walioteswa. Serikali ya nchi hiyo iliomba radhi mwaka 2008, yaani miaka 20 baadaye.

Hapa kwetu hali haikuwa ile ile, na si haki kuzichukulia kuwa moja, kwa kuwa kule sheria iliwalazimu wazazi kuwatoa watoto wao. Hata hivyo, wapo wazee wetu waliovishwa kibao shingoni na kuchapwa viboko kwa kosa la kusema Kikamba, Kidholuo au Kigikuyu shuleni, kisha wakaachiwa kazi ya kumvizia mwenzao atakayeteleza ili wamkabidhi kibao hicho. Huku kuwafundisha watoto kuchongeana ndiko kunakoniuma zaidi, kwa maana nimefundisha miaka mingi na ninajua jinsi mtoto anavyojifunza polepole kumwamini mwenzake.

Waliozaliwa miaka ya 1940 wanakaribia au wamepita umri wa miaka 80. Wachapishaji wawafungulie milango sasa, waandike kwa Kiswahili au kwa lugha zile zile walizochapiwa, na asiyeweza kushika kalamu arekodiwe na wajukuu wake. Walimu wa Kiswahili nao wanaweza kuanza na wazee wanaoishi jirani na shule zao. Aidha, kitabu cha Johnston, ambaye baadaye aliifundisha lugha ya kwao na kuandika kwayo, kitafsiriwe kwa Kiswahili na kuwekwa katika maktaba za umma za kaunti yetu.

Mwalimu mstaafu,
Kariobangi, Nairobi