Harambee ya Wanafunzi wa Afya Wanaokwenda Ng'ambo

Ndugu wazazi, walimu na marafiki wa shule,

Tunachangisha ili wanafunzi wetu wa afya wasome muhula mmoja nje ya nchi, kisha wajitolee wiki nane katika kituo cha afya cha huko. Wengi wakisikia hivyo hufikiria nauli. Nauli ndiyo rahisi. Kinachoharibu safari ni kuchelewa kuanza.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, damu hupimwa kuona kama kinga imeshika. Hesabu ni miezi saba hadi minane, ndiyo maana tunabisha hodi mapema. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo mwenye cha zamani asichomwe tena kwa fedha zenu.

Akijichoma na sindano iliyotumika, mwanafunzi anatakiwa kuanza dawa kinga za VVU haraka, asivuke saa 72, na kuzimeza siku 28. Kituo kidogo huenda hakinazo. Makubaliano na mwenyeji lazima yataje zinapatikana wapi na nani analipa.

Robo ya michango itabaki kwa mwenyeji. Msilione hilo geni: muuguzi anayemwelekeza mgeni anakula muda wa wagonjwa wake, na mwongozo wa 2010 wa WEIGHT, kikundi kilichoandika maadili ya mafunzo ya afya nje ya nchi, unataka gharama hiyo itambuliwe. Kiasi kingine kitalipia mwalimu wa lugha, maana asiyeelewana na wagonjwa huishia kuegemea ukuta. Yanayobaki ni chanjo, bima, viza na nauli.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Asichoruhusiwa kufanya nyumbani hatakifanya ugenini: hatashona vidonda wala kuzalisha. Atahesabu dawa stoo na kuandika joto la friji ya chanjo asubuhi na jioni, libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Ile chanjo ya homa ya ini aliyochomwa mwenyewe ikiganda huharibika, hata kama ikiyeyuka itaonekana safi kwenye chupa. Mtoto atachomwa, kadi itajazwa, na kinga isiwepo. Mwanafunzi aliyeondoka akiota upasuaji tu anaweza kurudi akiuliza nani huagiza friji, umeme ukikatika nani anajua, na takwimu za kadi zile zinamdanganya nani. Maswali hayo humpeleka kwenye epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea), ugavi wa dawa au sera ya afya, na sisi tunayataka hata kwa yule atakayebaki na kisu chake.

Anayechangia fedha akabidhi kwa mweka hazina na adai risiti papo hapo. Anayetoa ahadi aandike na tarehe ya kuilipa, kwa sababu bei ya tiketi haisubiri ahadi isiyo na siku. Wauguzi na wafamasia wastaafu, tunaomba Jumamosi mbili zenu: moja ya kufundisha kusoma chati ya joto la friji, nyingine ya kuhesabu stoo.