Somo la kisukari lisiandaliwe bila sisi wagonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako. Mimi ni mama lishe hapa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa 11 najichoma sindano za insulini.

Siku ya kliniki tunaambiwa tuje bila kula, tupimwe sukari. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja hivyo, lakini alfajiri alikuwa ameshajichoma dozi yake kama kawaida. Saa nne foleni bado haijasogea. Sukari ikamshuka mno: shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, ukimuuliza jina anajibu mengine. Bibi aliyekaa naye benchi moja alifungua pindo la kanga, akatoa sukari, akakoroga vijiko vitatu kwenye maji, akamnywesha taratibu maana alikuwa bado anameza vizuri. Baada ya robo saa hivi kijana akaulizia viatu vyake.

Asubuhi ile tulikuwa tumefundishwa vyakula, kwa bango lenye matufaha na mboga ambazo soko la Mgandini sijaziona. Hakuna aliyetuambia kwamba sindano ya kabla ya chai ingoje mpaka umepimwa na chakula kipo mkononi. Bibi yule angelisema hilo kwanza kabisa.

Wauguzi siwalaumu, ni wawili na sisi tumejaa mpaka barazani. Ninachoomba ni kwamba somo linapoandaliwa, tuwepo. Tusingoje kuitwa Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, kutoa ushuhuda na kugawiwa fulana. Tunaambiwa insulini ikae kwenye friji. Wengi wetu hatuna friji, tunaiweka kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi ndani ya chungu kikubwa. Hilo mimi nilifundishwa na mgonjwa mwenzangu, si darasani.

Upande wa VVU jambo hili limeshazoeleka. Kwenye CTC, yaani kliniki zao za tiba na matunzo, wapo WAVIU Washauri, watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao; anayeanza dawa anazungumza na mtu anayezimeza kila siku. Sisi wa kisukari tumekosa nini?

Tuanze na dakika kumi kila kliniki, muuguzi na mgonjwa mzoefu wasimame pamoja mbele ya benchi. Na mgonjwa huyo alipwe nauli na muda wake. Mimi siku ya kliniki sipiki, na jioni watoto wanakula kwa mkopo dukani.

Mama lishe,
Ngamiani, Tanga