Malalamiko: fundi wenu aling'oa mfumo mzima akisafisha programu zisizotumika

Duka la Huduma za Ofisi,
Busia, Uganda.
17 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA TAREHE 11 MACHI 2025 ILIYOHARIBU MFUMO ENDESHI WA KOMPYUTA YANGU

Naandika kuhusu kazi iliyofanywa na fundi wenu siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi, kwenye kompyuta kuu ya duka langu hapa Busia. Kompyuta hiyo hutumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na ndiyo tegemeo la duka zima, kwani printa zote mbili zimeunganishwa nayo na kompyuta nyingine tatu huchukua faili za wateja kutoka kwenye folda yake ya pamoja. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa kuvuka mpaka, hasa akina mama wa nafaka na nguo, ambao huja kuchapisha ankara na kutoa nakala za cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mzigo ukiwa tayari upo kwenye mkokoteni, mtu hawezi kuambiwa arudi keshokutwa.

Nilichowaitia kilikuwa kidogo. Niliwaeleza kwa simu, kisha nikamrudia fundi maneno yale yale alipofika: kila nikitaka kusasisha mfumo, kompyuta hukataa na kusema kwamba hakuna nafasi ya kutosha kwenye /boot, mahali zinapokaa faili za kuwashia kompyuta. Sehemu hiyo ya diski imetengwa peke yake, kwa sababu data ya diski ilisimbwa kwa nenosiri tangu mfumo ulipowekwa, na ukubwa wake ni megabaiti 705 tu. Ilikuwa imejaa matoleo ya zamani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, matano kwa hesabu, na kila moja pamoja na faili yake ya kuwashia huchukua zaidi ya megabaiti 100. Nakiri kwamba kuzirundika huko kulikuwa kosa langu, maana mwaka jana niliziweka kwa mkono nikihangaika na printa, na kifurushi (programu au sehemu ya mfumo inayowekwa kwa pamoja) ulichokiweka kwa mkono mfumo hukihesabu kuwa unakitaka, hata amri ya kuondoa mabaki haikigusi. Dawa yake ilikuwa kuangalia kwa amri ya uname -r ni kerneli ipi inayotumika wakati huo, kuiacha hiyo pamoja na ile mpya kabisa, na kuziondoa nyingine kwa majina yake. Ni kazi ya dakika kumi.

Fundi wenu, kijana mwenye adabu na ambaye sina ugomvi naye binafsi, hakuitazama /boot hata mara moja. Aliniambia kwamba kompyuta "imebeba programu nyingi zisizotumika" na akaanza kuzisafisha. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, kwa kuwa programu hizo hukaa kwenye sehemu kuu ya diski, iliyokuwa na nafasi tupu ya zaidi ya gigabaiti 300. Hata angefuta nusu yake, /boot isingepata nafasi ya herufi moja.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mpwa wangu anayejifunza kuandika programu alikuwa ameweka toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, kando ya lile lililokuja na mfumo. Fundi alipoona matoleo mawili aliamua kwamba la zamani ni mabaki. Kumbe hilo la zamani ndilo la mfumo wenyewe. Katika Ubuntu 22.04, Python 3.10 haikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi, bali sehemu nyingi za mfumo zimeandikwa kwayo au huihitaji ili zifanye kazi, na ukiiondoa, kila kifurushi kinachoitegemea huondolewa nayo. Kitu kisichofunguliwa na mtumiaji si kitu kisichotumika, na sikutegemea kumfundisha jambo hilo fundi niliyemlipa.

Nasema haya nikiwa na ushahidi. Mfumo huandika kila amri ya namna hii kwenye faili ya /var/log/apt/history.log, nami nimeiambatanisha. Mtaona kwamba aliandika apt-get -y purge python3.10, yaani amri ya kuiondoa Python hiyo, na mara baada ya hapo apt-get -y autoremove --purge, ya kuondoa vinavyohesabiwa kuwa mabaki. Orodha ya vilivyoondolewa ilijaza kurasa nne nilipoichapisha kwenye duka la jirani, na humo mna ubuntu-desktop na gnome-shell, ambazo ndizo skrini yenye madirisha na vitufe, gnome-terminal ya kuandikia amri, hplip inayoendesha printa yangu ya HP, na samba iliyokuwa ikishikilia ile folda ya pamoja.

Naomba mzitazame zile alama mbili, -y. Amri ile ile bila alama hizo isingefuta kitu papo hapo. Ingeonyesha kwanza orodha yote ya vifurushi vitakavyoondoka, ingetaja idadi yake, kisha ingesimama na kuuliza kama aendelee au aache. Fundi angeliona jina la ubuntu-desktop ndani ya orodha hiyo, nadhani hata yeye angeutoa mkono wake kwenye kibodi. Lakini -y maana yake ni kujibu ndiyo kabla swali halijaulizwa. Na kama alikuwa na haraka, ipo -s, ambayo hufanya jaribio tu, ikionyesha yote yatakayotokea bila kugusa chochote. Nimeijaribu mwenyewe juzi kwenye kompyuta nyingine ya dukani, na jibu lilikuja kwa sekunde chache.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mistari ilipanda kwenye skrini kwa kasi isiyosomeka, na nilipomuuliza mbona ni mingi hivyo, alijibu kuwa "inajisafisha". Alipoizima na kuiwasha tena, tulipata skrini nyeusi yenye neno login na alama inayopepesa, basi. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri ankara zake alichungulia, akauliza kama umeme umekatika. Fundi alibonyeza huku na kule kwa muda wa saa nzima, akasema diski imechoka na kwamba kila kitu kitabidi kufutwa na kuwekwa upya, kisha akaondoka bila kuacha hata karatasi inayoeleza alichofanya.

Diski haikuwa imechoka. Fundi mwingine niliyemwita kesho yake aliingia kupitia hiyo skrini nyeusi, akaunganisha waya wa mtandao, akasoma historia niliyoitaja hapo juu, na kurudisha vifurushi kwa kufuata orodha hiyo. Faili za wateja zilikutwa salama. Kilichomchukua siku mbili ni mipangilio, kwa sababu purge, tofauti na remove, hufuta pia faili za mipangilio ya kifurushi, na hivyo samba ilirudi kama mgeni asiyeijua folda yangu wala watumiaji wake. Hapakuwa na bakapu ya mipangilio hiyo, na fundi wenu hakuuliza kama ipo. Kuhusu /boot, huyo wa pili aliimaliza akiwa bado na chai mkononi.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 80,000 nilizowalipa, kwa kuwa kazi niliyoiagiza haikufanywa kabisa, na mnilipe shilingi 180,000 za kuitengeneza kompyuta, ambazo risiti yake nimeiambatanisha. Hasara ya siku tatu za duka kufungwa nusu sikuidai, kwa sababu siwezi kuithibitisha kwa karatasi. Naomba vilevile nipate maelezo ya maandishi kuhusu utaratibu mnaowapa mafundi wenu kabla ya kufuta kitu kwenye kompyuta ya mteja: kama wanatakiwa kufanya jaribio kwanza, kama wanatakiwa kumsomea mwenye kompyuta orodha hiyo, na kama -y inaruhusiwa. Ikiwa utaratibu huo haupo, niambieni tu kwamba haupo.

Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Ninyi bado mna mkataba wa kuhudumia zile kompyuta zangu nyingine tatu, na hadi nitakapojibiwa, nimewaagiza wafanyakazi wangu wasimruhusu fundi yeyote kutoka kwenu kuzigusa.

Wako mwaminifu,

Mwenye duka,
Busia

Viambatanisho: nakala ya historia ya vifurushi, kurasa 4, risiti ya malipo yenu, risiti ya fundi wa pili.