Shangazi, mume wangu amebakiza siku chache apate pensheni ya besiboli. Nimwambie aendelee?

Shikamoo Shangazi, na salamu kwa wasomaji wote.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Ninaishi Pennsylvania, Marekani, na kazi yangu ni uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimeolewa na Mmarekani na tumejaliwa binti mmoja ambaye ataanza shule mwaka huu. Nyumbani kwetu hakuna ugomvi. Kinachoninyima usingizi ni kazi ya mume wangu, na uamuzi ambao ameuweka mikononi mwangu.

Mume wangu ni mrushaji katika besiboli ya kulipwa. Kwa wasioujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayesimama juu ya kijilima cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mtu mwenye gongo, aliye futi 60 na inchi 6 kutoka hapo. Ndugu zangu wakisikia shemeji yao ni mchezaji wa kulipwa Marekani wanadhani tumelalia hela. Ujumbe wa kuomba nauli na mitaji hauishi, na nikisema sina naonekana mchoyo. Wanaotajirika ni wale wa ligi kuu. Chini ya kila klabu ya ligi kuu kuna ngazi nne za timu ndogo, ya juu kabisa ikiitwa Triple-A, na pembeni kuna ligi huru ambazo mishahara yake ni ya miezi ya msimu tu. Mume wangu amepita kote huko. Klabu zilipogawana wachezaji chipukizi, kama zifanyavyo kila mwaka, alichaguliwa raundi za mwisho kabisa, enzi hizo raundi zikiwa 40, na tangu hapo ameuzwa, amebadilishwa na mwenzake, ameachwa, amesajiliwa tena. Hata Triple-A, hatua moja tu chini ya ligi kuu, kiwango cha chini kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka, mpaka mkataba wa wachezaji wa 2023 ulipokifikisha dola 35,800. Kwa Marekani hiyo ni pesa ya kodi na chakula. Ligi kuu kiwango cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Kati ya hapa na pale ni simu moja tu ya meneja.

Simu hiyo alipigiwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 29. Nilikuwa na mtoto mchanga mapajani, na nililia mpaka mtoto naye akalia. Lakini hakuitwa akakaa. Mwenzake aliumia, akaitwa kuziba pengo, akarusha jioni mbili tatu, mwenzake akapona, akarudishwa chini. Baadaye tena, na tena. Vipande vyote hivyo ukiviunganisha vinakaribia mwezi mmoja.

Sasa Shangazi, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mchezaji akifikisha siku 43 katika kikosi cha ligi kuu anajipatia haki ya pensheni ya wachezaji atakapozeeka. Mume wangu amebakiza chini ya wiki mbili. Siku hizo hazipatikani Triple-A, wala ligi huru, wala nchi nyingine yoyote. Zinapatikana juu tu.

Na angeweza kuwa amezimaliza. Mara ya mwisho alipokuwa juu kiwiko kilianza kumchoma. Alinyamaza, maana mrushaji asiye na jina akisema anaumwa anaogopa hataitwa tena. Kanuni lakini inasema mchezaji aliyeumia akiwa ligi kuu hashushwi. Anaandikwa majeruhi, mshahara wa juu unaendelea na siku zinahesabiwa. Yeye alishushwa akiwa amenyamaza. Wiki hiyohiyo, akirusha Triple-A, kano ya kiwiko ikakatika. Alifanyiwa ule upasuaji unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974: wanachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi mkononi au nyuma ya paja, na kuifunga kiwikoni. Kupona ni mwaka na zaidi. Ule mwaka wote aliutumikia chini, kwa hesabu ya chini. Sijawahi kumlaumu kwa kunyamaza kwake. Mimi ni muuguzi, ninaona kila siku watu wanaoficha maumivu kwa kuogopa kupoteza kazi.

Leo ana miaka 34. Zamani mpira wake ulikuwa unafika maili 95 kwa saa, sasa ni 91 akijitahidi, kwa hiyo amejifunza kumdanganya mpigaji kwa mpira unaoshuka ghafla mwishoni. Jioni akitazama televisheni mpira uko mkononi. Vidole viwili vinatafuta mshono mwekundu, vinasogea kidogo, vinarudi. Kucha anazisugua kwa tupa kama mwanamke anayejiandaa kwa harusi, maana ukucha ukikwaruza mpira, mpira unakataa kwenda anakotaka. Siku inayofuata baada ya kurusha hawezi kufikia kabati la juu kwa mkono wa kulia, na chai anakoroga kwa wa kushoto. Simwoni kama mtu aliyeshindwa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndugu zangu wameanza kusema hivyo. Duniani kuna watu wachache sana wanaoweza kazi hii kwa kiwango chake.

Sasa ana barua mbili mezani. Moja inatoka klabu ya Taiwan. Ligi yao ina timu sita, na wageni wanaowasajili wengi ni warushaji. Wanampa nyumba na nauli, na mshahara wa miezi mitatu huko unazidi anachopata Triple-A kwa mwaka mzima. Lakini ataondoka Februari na kurudi msimu ukiisha Oktoba, mimi na mtoto tukibaki hapa kwa sababu ya kazi yangu na shule. Ya pili inatoka klabu ya ligi kuu: aende Florida kwenye kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu, kwa mkataba wa ligi ndogo. Maana yake ataanzia Triple-A, na ili aitwe juu lazima kwanza apewe nafasi kati ya wachezaji 40 wa orodha ya klabu, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake hutokea wengine wakiumia au wakivurunda. Kila usiku anasali, na najua anajizuia asije akaomba kijana wa watu akatike kano kama yeye.

Nikigusia umri ananitajia mrushaji Rich Hill. Hill alikuwa na miaka 35 mwaka 2015, yuko Long Island Ducks, timu ya ligi huru. Mwaka huohuo Boston wakamchukua, na Desemba 2016 alisaini na Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 48. Mwaka 2025, akiwa na miaka 45, aliichezea Kansas City, timu yake ya 14 ya ligi kuu, akaifikia rekodi ya mrushaji mwingine, Edwin Jackson, ya kuchezea timu nyingi zaidi. Mimi namjibu kwa huyohuyo Jackson. Tarehe 25 Juni 2010 alirusha mchezo mzima kwa Arizona bila mpigaji hata mmoja wa Tampa Bay kupata hiti, yaani kupiga mpira na kufika kituo kwa pigo lake, akatupa mipira 149, mkono unawaka moto. Mwezi uliofuata Arizona wakampeleka Chicago kwa kubadilishana wachezaji. Ikiwa aliyefanya kazi kama ile hakuhakikishiwa hata kumaliza msimu katika klabu yake, mume wangu anayesubiri mtu aumie atahakikishiwa na nani?

Tumeongea mpaka tumechoka. Wakala wake anasema huenda ikapatikana njia ya katikati: akubali Florida, mkataba uwe na kipengele cha kujitoa mwezi Juni kama hajaitwa, kisha atafute Asia, maana klabu za huko hubadilisha wageni katikati ya msimu. Ni kweli hutokea. Lakini Taiwan hawajaahidi kusubiri, na kiwiko chake nacho hakijaahidi chochote.

Juzi, mtoto akiwa amelala, aliniambia, "Amua wewe. Utakachosema nitakifuata na sitakulaumu." Namwamini, hatanilaumu kwa mdomo. Lakini nikisema Taiwan, halafu Mei kikosi kile cha Florida kikaumwaumwa na nafasi ikampata mtu mwingine, tutazeeka pamoja na zile siku chache zikiwa kati yetu. Nikisema Florida, halafu asiitwe, nitakuwa nimeikataa pesa ya malipo ya awali ya nyumba, na yeye atakuwa na miaka 35 bila klabu inayomtafuta. Kwa hesabu za jikoni mimi ni wa Taiwan. Nikimtazama anavyoushika ule mpira, nakuwa wa Florida.

Mama yangu anasema mume ndiye mwenye kuamua kazi yake, nimrudishie uamuzi wake bila maneno. Dada yangu anasema nikimrudishia nitakuwa nimemwacha peke yake wakati ameniomba nimshike mkono. Wote wawili nawaheshimu, ila hakuna kati yao aliyewahi kuishi na mtu ambaye riziki yake iko kwenye kiwiko.

Shangazi, na wasomaji mliooana na mabaharia, wanajeshi, madereva wa masafa marefu, au wachezaji wa mpira wowote ule: je, ni haki mimi kumwamulia? Na kama ni haki, ningeipa uzito gani pensheni ambayo hatujaipata bado, mbele ya mshahara ulio mezani? Klabu ya Taiwan inataka jibu kabla mwezi huu haujaisha.

Ni mimi,
Mama wa binti mmoja, Pennsylvania