Barua kwa mwanangu anayekwenda kushika kijiti

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. "Mama nimepata, naondoka Jumamosi." Baba yako ameshautuma kwa ukoo mzima. Shangazi yako akauliza ni kondakta wa basi la kwenda wapi. Akaelezwa ni kondakta msaidizi wa okestra, anayeongoza wapigaji muziki kwa kijiti, akapiga vigelegele vilevile. Na mimi nimefurahi, baba, nisikufiche. Ila umenieleza habari za mkataba, za chumba, mpaka za koti, na hukunieleza muziki wako utautunga saa ngapi.

Usiniambie kazi ya msaidizi ni nyepesi. Miaka yote ile kwenye maktaba ya okestra nimewaona wasaidizi wakija na kuondoka. Msaidizi anakaa nyuma ukumbini, kitabu cha noti mapajani, na kondakta mkuu akigeuka kuuliza kama honi zinaimeza filimbi, anatakiwa ajibu papo hapo. Programu ya wiki lazima aijue yote kana kwamba yeye ndiye atakayesimama, na mara nyingi hasimami. Jioni anarudi kichwa kimejaa sauti za watu. Hapo atatunga nini?

Tangu habari zako zienee, kila anayejua kidogo mambo ya muziki ananihadithia Leonard Bernstein, kondakta na mtunzi wa Marekani: msaidizi, miaka 25, Novemba 14, 1943, Bruno Walter aliyekuwa aongoze siku hiyo kashikwa na mafua, kijana akapanda jukwaani New York bila mazoezi huku redio inarusha. Ni kweli. Wasichonihadithia ni kwamba kufika 1964 ilibidi achukue likizo ya msimu mzima ili apate kutunga. Na huyo ni Bernstein. Mahler, mtunzi na kondakta naye, aliisimamia opera ya Vienna miaka 10, 1897 mpaka 1907, simfoni zake, zile kazi ndefu za okestra nzima, akawa anaziandika wakati wa kiangazi, kwenye kibanda chake mbali na watu. Akafa 1911, ana miaka 50, ya kumi hajaimaliza. Wewe hata hicho kibanda huna.

Bega lako usilichezee. Ukiongoza, mkono wako unaurusha mno. Wapigaji hawataki mkono, wanataka waione pumzi yako kabla ya pigo la kwanza. Wakutubi wasalimie kwa heshima. Alama za pinde za fidla, wapi upinde uvutwe juu na wapi chini, wapelekee mapema, si asubuhi ya mazoezi kama ulivyozoea kuniletea mimi.

Stoo inavuja tena, pale pale juu ya masanduku yako. Nikayahamishia juu ya kabati, moja likapasuka chini, na ndipo nilipoiona ile simfoni. Kurasa 40. Ya mwisho ina klarineti peke yake, inashikilia noti moja ndefu, na chini yake mistari ya fidla zote mitupu, umekwisha kuichora kwa rula na kuandika majina ya ala pembeni. Nimeketi nayo sakafuni mpaka baba yako akaja kuuliza nimepoteza nini. Noti ile inangoja nini? Mwaka wa pili huu! (Na hukuipandisha toni moja juu, klarineti itasikika chini ya unavyotaka. Basi, nanyamaza.)

Nanyamaza kwa sababu najua unachokikumbuka. Ulipokuja na ile kazi yako ya fidla nne, nikakurudishia imejaa penseli nyekundu. Nilikwambia ukurasa wa tatu haugeuziki, mpigaji hana nafasi ya mkono. Na kweli ulikuwa haugeuziki, hilo silirudishi nyuma. Lakini ule wa tano niliuimba jikoni wiki nzima. Baba yako shahidi, alinilalamikia. Mtu akizoea kutafuta makosa kwenye noti, mdomo nao unakuwa hivyo hivyo. Halafu wewe ukaingia kwenye kuongoza, nikasema afadhali, huko kuna mshahara. Nilisema mimi, wala si baba yako.

Kwa hiyo nakuuliza tena: asubuhi au usiku? Hata saa moja. Ukiniambia ni likizo nitajua hutungi.

Lile koti refu limerudi kwa fundi, kwapa limeachiwa nafasi. Ufunguo wa nyumba kaa nao, usimwachie mdogo wako, anapoteza kila kitu. Fundi wa paa anakuja Ijumaa, naye anataka kabati lisogezwe, sasa niambie kabla ya hapo: zile kurasa 40 nizirudishe sandukuni au nikutilie begini? Penseli nimekwisha kuweka, mfuko wa pembeni, kumi na mbili. Nyeusi zote.

Mama yako