Risala ya Kamati ya Ushirikiano wa Shule na Kikosi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi na Ufundi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
Maafande kutoka kikosi jirani cha jeshi,
Walimu, wazazi na wanafunzi,
Itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua majukumu yako ni mazito, na umekuja mwenyewe. Mara mbili zilizopita tulisoma risala yetu mbele ya wawakilishi, hivyo ujio wako tunaupokea kwa shukrani na kwa matumaini makubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu ilianza mwaka 2006 ikiwa na madarasa mawili. Leo tuna mikondo 11 ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2017 shule na kikosi jirani walikubaliana kushirikiana: shule ilee vijana wa sayansi, kikosi kisaidie mafunzo ya vitendo. Lengo ni kwamba taifa linapohitaji mafundi wa redio, wa magari, wa ndege na wa meli, liwapate vijana walioanza kushika vifaa mapema. Ndiyo sababu tunajivunia kuwa na Shirika la Nyumbu la magari na mitambo kule Kibaha, na Shirika la Mzinga la risasi kule Morogoro. Kazi za huko zinahitaji mtu anayejua kupima.

Ushirikiano huu umezaa matunda makubwa. Wanafunzi wetu 9 wamechaguliwa kwenda kusoma tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika kata hii. Klabu ya Sayansi imeunda vyanzo vinne vya umeme wa maabara, kazi inayofaa kufanywa hata chuoni. Kila kimoja kina transfoma ya kushusha volti 230 hadi 12, dayodi nne zilizofungwa kwa mtindo wa daraja, kapasita ya mikrofaradi 2200 na kidhibiti cha volti 12. Kabla ya hapo tulitegemea betri kavu, ambazo zikitumika kwa vipindi viwili mfululizo ukinzani wake wa ndani hupanda, volti inashuka, na mwanafunzi wa mwisho anapata majibu tofauti na wa kwanza ingawa wote wamefanya sawasawa. Tatizo hilo tumelimaliza sisi wenyewe. Tunawashukuru pia maafande waliotufundisha kulehemu kwa Jumamosi sita, na kwa fulana 60 tulizopewa mwaka 2022.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya shukrani hizo, tunaomba utupe sikio kwa jambo moja: maabara ya fizikia.

Tunacho chumba kimoja cha maabara. Kinatumiwa na kemia, baiolojia na fizikia kwa zamu. Mtu asiyefundisha sayansi anaweza kuona huo ni ubanaji tu wa nafasi. Sivyo. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea hutoa mvuke hata chupa ikiwa imefungwa, na usiku madirisha yakifungwa mvuke huo hutanda chumba kizima. Unakula skrubu za shaba nyeupe kwenye amita, kwenye galvanomita na kwenye visanduku vya ukinzani, hadi zinaota ukungu wa kijani. Waya ukifungwa juu ya kutu hiyo, umeme unapita kwa taabu, na kipimo kinadanganya.

Mfano ni daraja la mita, kifaa cha kupimia ukinzani kwa kutumia waya wa urefu wa mita moja. Mwanafunzi akiweka koili ya omu 2 kila upande, nukta ya mizani, yaani mahali sindano ya galvanomita inaposoma sifuri, inapaswa kuwa kwenye sentimita 50. Kutu ikiongeza nusu omu tu kwenye kiungio cha upande mmoja, nukta inakimbia zaidi ya sentimita 5 na nusu. Mwanafunzi hajakosea lolote, lakini jibu lake si sahihi, na mtihani hauulizi habari za kutu. Tumejaribu kusugua skrubu kwa msasa. Zinang'aa wiki mbili, kisha kutu inarudi kwa kasi zaidi kwa sababu msasa umeondoa ngozi ya juu iliyokuwa inazikinga. Waya wa daraja wenyewe hatuthubutu kuusugua, kwani ukiwa mwembamba mahali pamoja, daraja zima halifai tena. Kati ya madaraja 8 tuliyokuwa nayo, yanayoaminika ni 3.

Kijana anayezoea kwamba kipimo hakiaminiki anajifunza kubuni majibu. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu fundi wa redio au wa ndege mwenye tabia hiyo ni hatari kwa wenzake. Na miezi michache ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria haiwezi kumfundisha kijana kusoma vernia, kifaa cha kupimia urefu mdogo sana, ambayo hakuishika shuleni.

Chumba kinaingiza wanafunzi 30 kwa mkupuo, na watahiniwa wetu wa kidato cha nne ni 118. Katika mtihani wa majaribio wa vitendo, wenye saa mbili na nusu, mkupuo wa kwanza huingia saa 2 asubuhi na wa nne saa 11 jioni. Hao wa mwisho hushinda wamefungiwa darasani ili wasikutane na waliotangulia, kisha husoma mizani ya vipimo chini ya taa mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, boma la maabara ya fizikia unaloliona nyuma ya jukwaa lilijengwa kwa nguvu za wazazi na kufika kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha, mwaka 2019. Mwaka huohuo mgeni rasmi aliahidi bati zote, na wazazi walipiga vigelegele. Mwaka 2021 mwakilishi wa mgeni rasmi alisema ahadi hiyo ipo palepale. Mwaka 2023 tuliambiwa imeingizwa kwenye mpango. Tumeandika barua nne za kukumbushia, na nakala zake ziko kwenye faili lililo mezani pako. Bati halijafika hata moja. Hatumlaumu mtu, lakini wazazi wanatuuliza sisi, na sasa hata mchango wa mchanga wanasita kuutoa.

Wakati huo mvua sita za masika zimelinyeshea boma. Nondo zilizoachwa wazi juu ya lenta zimeota kutu, na kutu ikivimba hupasua zege. Kwa hiyo hatuombi paa liwekwe kesho. Kwanza mhandisi wa kikosi aigonge lenta kwa nyundo na kuisikiliza, palipo na mlio wa debe tupu pavunjwe, nondo zisuguliwe kwa brashi ya waya, pamwagwe zege upya na pamwagiliwe maji siku 7. Ndipo kenchi zipande.

Hatuombi fedha taslimu. Kwa jengo la mita 12 kwa 8 tunaomba bati 72 za geji 28 zenye urefu wa mita 3, na mifuko 100 ya saruji: 62 ya sakafu ya zege ya sentimita 10, iliyobaki ya plasta na meza 10 za wanafunzi wanne wanne. Tunaomba umeme ufungwe na mafundi wa kikosi huku wanafunzi wakiangalia: waya wa milimita mraba 2.5 kwa soketi 20, wa 1.5 kwa taa, nguzo ya eathi, na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja miliampia 30, kwa maana watoto hawa watashika nyaya kila siku. Kisha madaraja ya mita 10, amita 20, voltimita 20, vernia 20, multimita 10 na oskiloskopu moja, yaani kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Mbao, mchanga, kokoto, maji na vibarua ni juu yetu. Kabati la asidi litabaki chumba cha zamani, na funguo za vyumba hivi viwili hazitakaa kwa mtu mmoja.

Yako mahitaji mengine. Tuna mwalimu mmoja tu wa fizikia kwa mikondo yote 11, na mabinti wanaotoka mbali hawana bweni. Hayo tumeyaandika kwenye kiambatisho, na leo hatutayasemea ili hili moja lisimezwe.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu tunaomba jibu lako liwe na tarehe, na jina la ofisa tutakayemfuata Jumatatu asubuhi. Kama jambo hili haliko ndani ya uwezo wako, tuambie leo, na tutakushukuru vilevile, kwa kuwa tutajua pa kubisha hodi kabla masika ya saba hayajaikuta lenta.

Naomba kuwasilisha.