Komputa haikunakili, ilikisia

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari ya meza mbili karibu na stendi hapa Muheza. Siku hizi kazi inayonilisha ni ile ya "dada, nitolee maandishi humu". Mtu analeta karatasi ya miaka kumi iliyopita, sofkopi ilishapotea na fleshi ya katibu, naye anataka vipengele viwili vitatu vibadilishwe. Zamani ningechapa upya yote. Sasa naiskani, naipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, na chai haijapoa naihariri kama niliyoiandika mwenyewe.

Mwezi uliopita walikuja kina mama wa kikundi kimoja na katiba yao ya kurasa 11, wakijiandaa kuomba ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, na muhuri wa zambarau umekalia ukurasa wa faini. Nilirekebisha nilichokiona. "Ili" imegeuka "ill", kwa kuwa programu niliiacha kwenye Kiingereza. "Mwanachama" inaanza na r na n badala ya m. "Ng'ombe" imepoteza ritifaa. Makosa ya namna hiyo jicho linayakamata. Lililonipita ni faini ya kuchelewa kikao: Sh 3,000 ilitoka ikiwa Sh 8,000, na hiyo haina sura ya kosa. Nikaprinti nakala 15, wakasaini.

Aliyeligundua ni mama aliyechelewa. Alipodaiwa 8,000 pakawaka moto: nani kapandisha faini bila mkutano? Katibu wa watu akaitwa mwizi, mpaka waliponiwekea mezani katiba zote mbili, ya zamani na mpya. Nilitamani nijifiche chini ya meza.

Wengi tunadhani mashine imenakili. Karatasi iliyoskaniwa ni picha tu, sawa na picha ya harusi. Programu inatazama umbo la kila alama, inalifananisha na herufi inazozijua, kisha msamiati wa lugha uliyoichagua unaisaidia kuamua. Neno likiyumba, msamiati unaweza kuliokoa. Tarakimu nani ataiokoa? 3,000 na 8,000 zote ni halali. Kiswahili kipo hata kwenye programu za bure kama Tesseract, iliyoanzia kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, ila lazima ukiweke na kukichagua. Na skani kwa doti 300 kwa inchi, si kwa picha ya simu iliyopigwa chini ya mwembe.

(Wanaoniletea vyeti niwabadilishie daraja, waendelee kupita. Hiyo ni kazi ya polisi.)

Sasa mteja wangu haondoki. Anashika karatasi yake ya zamani na kunisomea kila namba, tarehe na jina, mimi nafuata kwa kidole kwenye skrini. Katiba kama ile inakula nusu saa, na wapo waliohamia duka la pili wanakohudumiwa kwa dakika tano. Kina mama wale walirudi kurekebisha ukurasa wa faini, sikuwatoza. Yule aliyechelewa ndiye aliyesoma tarakimu, kwa sauti, za kurasa zote 11.

Mwenye steshenari,
Muheza, Tanga